Mshale Uliolala Inyala

Hebu niambie wewe unayesikiliza: ukipanda gari, jicho lako hutangulia wapi? Wengine hutazama barabara. Wengine humtazama dereva usoni, kama amelala vizuri au anapiga miayo. Ikupa yeye hutazama mshale mdogo wa joto, ule ulio pembeni mwa saa ya spidi, wenye alama ya baridi kushoto na alama nyekundu ya moto kulia. Akishaukamata kwa macho hauachii mpaka safari iishe. Mwaka mzima sasa yuko hivyo.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa saba, Uyole ilikuwa na baridi ya kufunga vidole. Majani ya viazi nyuma ya nyumba yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na ng'ombe wa jirani alikuwa akitoa moshi puani kama mzee mwenye kiko. Pikapu ilisimama uani, nyeupe, ubavu wa kulia umepigwa rangi mpya ambayo haikulingana na ile ya zamani. Ikupa alikuwa ameshaketi ndani, pale katikati penye kubana, mtungi mdogo wa maji ukiwa miguuni pake.

"Shemeji, umeingia kabla ya dereva," alisema Gideon, mdogo wa marehemu mumewe, akisugua viganja. "Unaogopa nitakuacha?"

"Naogopa utasahau kuangalia maji."

"Nimeangalia, injini ikiwa bado baridi. Kulanti iko juu ya mstari. Nimewahi mapema kwa sababu nilijua utaniuliza hata kabla hujanisalimia."

Aliyeketi dirishani, upande wa kushoto, alikuwa Mama Nyamizi, mama mzazi wa Gideon na wa marehemu. Alikuja jana yake kutoka kwake Usangu, ng'ambo ya Chimala, amejitanda shuka mbili na kuvaa soksi za mwanamume. Mapajani alipakata mfuko wa kitambaa. Hakuufungua, lakini Ikupa alijua kilichomo: shati la kijani la marehemu Nashoni, lile alilovaa siku ya mwisho, ambalo mama yake hakulifua.

Gideon akawasha. Mshale ulikuwa chini kabisa, umelala kwenye baridi, na hapo haukuwa na kosa, maana injini ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Baada ya dakika saba au nane ukaanza kuinuka, polepole, kama mtu mzima anayenyanyuka mkekani. Ukafika chini kidogo ya nusu. Ukatulia.

"Hapo ndipo nyumbani kwake," Nashoni alikuwa akimwambia mkewe kila asubuhi enzi zao. "Chini kidogo ya nusu. Hapo maji yana kama digrii themanini na kitu, au tisini na kitu, na injini inafurahi. Ukipita nusu, uliza. Ukikaribia nyekundu, simama. Na ukibaki chini safari nzima, usijisifu kwamba huku kwetu kuna baridi. Injini isiyopata joto nayo inaumwa."

Alikuwa mtu wa kueleza, Nashoni. Alimweleza mkewe hata kwa nini maharage ya Uyole huchelewa kuiva kuliko ya kule Kyela: huku juu maji huchemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Ndiyo maana, alisema, maji matupu ya mtoni kwenye rejeta hayafai huku milimani. Weka kulanti, maji yenye dawa yasiyochemka upesi, na mfuniko uwe unabana vizuri. Ikupa alikuwa akimsikiliza nusu nusu huku akichagua mchele. Sasa kila neno linamrudia, limenyooka, kama limeandikwa ubaoni.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Kalenga, Iringa, kumtafuta fundi mmoja aitwaye Shedrack. Na ili ujue kwa nini safari hiyo ilikuwa nzito kwa Ikupa kuliko mtungi wa maji, lazima turudi nyuma mwaka mmoja.

Nashoni alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Ananunua Chimala, anauza Uyole na Mwanjelwa. Siku ile ya mwezi wa sita walikuwa wakitoka Chimala, yeye na mkewe, pikapu imejaa magunia. Jioni ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya mdogo wake Ikupa, Alinanuswe, na Ikupa ndiye aliyepangiwa kumshika bibi harusi mkono kumwingiza ukumbini. Nywele zilikuwa tayari zimesukwa. Gauni lilikuwa limening'inizwa nyuma ya kiti, ndani ya mfuko wa nailoni.

Chini ya mlima wa Inyala mshale ulianza kupanda. Ukapita nusu, ukaikaribia nyekundu. Nashoni akapunguza mwendo, akawa anatafuta pa kuegesha. Kabla hajapapata, mshale ukaanguka wenyewe, ghafla, ukalala kwenye baridi. Nashoni akagonga kioo cha geji kwa ukucha wa kidole cha shahada, kama ilivyokuwa kawaida yake: tk, tk, tk. Alitaka kusimama. Ikupa ndiye hakutaka. Wakasemezana, maneno machache tu, na Nashoni akakanyaga mafuta.

Juu zaidi, palipo na mwinuko mkali, injini ikajamu. Ilizima kama mtu aliyekatwa kauli. Breki zikawa ngumu kama jiwe, breki ya mkono ikashindwa na uzito wa mchele, gari likarudi kinyumenyume mpaka likapiga ukingo kwa ubavu wa dereva. Ikupa alitoka na mfupa wa bega uliovunjika. Nashoni hakufika hospitali.

Kwa watu wa pale, aliyekuwa na marehemu dakika zake za mwisho husimama mbele ya waombolezaji kabla jeneza halijatolewa, akaeleza ilivyokuwa, ili msiba usibaki na giza ndani yake. Ikupa alisimama, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Akaeleza vizuri sana. Mshale ulipanda, alisema. Kisha mshale ukashuka. Kisha gari likaendelea.

Gari likaendelea. Alisema hivyo, kana kwamba gari lilikuwa na akili yake. Pale katikati aliruka maneno machache, ya Nashoni na ya kwake, na hakuna aliyemwona akiruka.

Mtu mmoja mwenye kanzu ya kwaya akauliza nani aliyeigusa injini mara ya mwisho. Ni Shedrack, wakasema, yule Mhehe mwenye kibanda karibu na mizani ya malori, rafiki mkubwa wa marehemu. Kufikia jioni Uyole nzima ilikuwa na hukumu. Shedrack ametoa themostati! Maana kule Usangu kwenye joto ndivyo mafundi wengi hufanya: gari likichemsha, wanakitoa hicho kidude kinachozuia na kufungulia maji, wanakitupa, wanasema tayari, dawa imepatikana. Shedrack mwenyewe alisimama msibani aseme neno. Mama Nyamizi akamgeuzia mgongo, na akina mama wakaanzisha wimbo juu ya sauti yake. Akakaa. Haikupita miezi miwili alifunga spana zake kwenye gunia na kurudi kwao Kalenga. Ikupa alimwona akipita barabarani na lile gunia begani. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia.

Baada ya arobaini ndipo mambo yalipoanza.

Kwanza ilikuwa birika. Mfuniko wake ulipoanza kutikisika kwa mvuke, Ikupa alisikia ndani ya ule mlio mlio mwingine: tk, tk, tk. Akaliondoa jikoni haraka. Tangu hapo hakuacha maji yachemke mpaka mwisho, hata Mercy, bintiye wa miaka tisa, akawa analalamika: "Mama, chai ya kwetu kila siku ni ya vuguvugu, kwani moto unauzwa wapi?" Kisha ikawa kioo cha kabati la vyombo. Kisha dirisha la chumbani, mchana kweupe, akiwa anakunja nguo. Ukucha mmoja, mara tatu. Mara nyingine ilifuatana na harufu, ile tamutamu ya kulanti iliyoungua, kama miwa inayopikwa mbali.

Halafu likarudi gari. Gideon alilifungia injini ya mtumba na sensa mpya ya kupima joto, akaiendeleza biashara ya kaka yake. Akienda peke yake, mshale ulikaa nyumbani kwake, chini kidogo ya nusu, tangu Uyole mpaka Chimala. Akiwa na Ikupa, wakifika mlima wa Inyala, ulianguka. Mafundi wanne wa Mbeya walifungua, wakafunga, wakatikisa vichwa.

"Hii gari inakuogopa, shemeji," Gideon alimtania siku moja. Akacheka peke yake.

Mama Nyamizi alipopata habari alikuwa na maelezo yake tayari. "Mwanangu ananyoosha kidole," alisema. "Anataka aliyemuua aletwe mbele yake. Nipelekeni kwa huyo fundi. Hata kumpiga sitampiga. Nataka nimtazame, na yeye aitazame gari."

Ndiyo safari yenyewe.

Waliuanza mteremko wa Inyala jua likiwa bado halijapata nguvu. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, malori yanatambaa ndani yake taa zikiwaka. Tangu ajali Ikupa hakukaa tena dirishani. Alikaa katikati, hata siku kiti cha pembeni kikiwa kitupu, akaweka kikapu mahali pake. Sasa kikapu kilikuwa miguuni pamoja na mtungi, na bega la mkwewe lilikuwa limemgusa. Alitazama mshale. Alikaza mwili wote, nyayo zikabana ule ukuta wa chini ya dashibodi kama mtu anayetaka kulisimamisha gari kwa miguu yake mwenyewe.

Tk, tk, tk.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia nini?" Gideon alisema. Kisha akautupia mshale jicho. "Haya. Umelala tena."

Mshale ulikuwa chini kabisa kwenye baridi. Ulianguka kuelekea kushoto, kama kawaida ya mishale ile, na kushoto kwake, wa kwanza kabisa, alikuwa Ikupa.

Gideon aliegesha palipo na nafasi. Wote wakashuka. Akafungua boneti, akagusa mpira wa maji wa juu, akauondoa mkono haraka: moto. Kwenye chupa ya plastiki kulanti ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi. Feni nzima, hakuna tone chini. "Injini ina joto lake sawasawa," alisema. "Anayedanganya ni mshale."

"Umeelekea wapi?" Mama Nyamizi aliuliza.

"Kushoto, mama."

"Iringa hiyo."

"Iringa iko mbele, mama."

"Mbele, kushoto, wewe endesha! Mtoto wa kusoma ramani umetoka wapi kwangu?"

Walipopanda tena na kuondoka, mshale ulikuwa umeinuka, umetulia chini kidogo ya nusu, kana kwamba haujawahi kumtisha mtu. Ikupa aliutazama. Mkwewe anaona kidole kinachomwelekea fundi. Yeye anaona kidole kinachomwelekea yeye. Na kati yao wawili, ni yeye anayejua kuusoma.

Chimala walikunywa chai kwa mama mmoja aitwaye Paskalina, chai ya glasi, moto kweli kweli. Mama Nyamizi alikoroga sukari, kijiko kikagonga glasi, akakishika kisilie.

"Huyu Nashoni wenu," alisema, kama anayezungumza na glasi, "alikuwa na tabia ya kugonga vioo. Tulipohamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani, yeye nikiwa nimembeba mgongoni, tulikuwa na taa moja tu ya chemli. Alipoanza kutembea, kila jioni anakwenda kuigonga kioo chake kwa ukucha. Tk tk. Ajue kama ni ya moto kabla hajaishika. Nilimchapa sana kwa sababu ya ile chemli. Angalau yeye alikuwa anauliza kabla ya kushika."

Ikupa aliacha chai yake nusu.

Toka hapo njia ilikuwa ndefu. Igawa, Makambako na upepo wake, mashamba ya miti ya Mafinga yaliyopangwa mistari. Mara tatu Ikupa alifungua kinywa. Mara ya kwanza lori likapiga honi. Mara ya pili Gideon akaanza hadithi ya askari wa barabarani. Mara ya tatu hapakuwa na kitu chochote cha kumzuia, na bado hakusema. Alimtazama mkwewe, aliyekuwa amesinzia, mkono juu ya ule mfuko. Mwanamke huyu alimlisha uji kwa kijiko wiki tatu alipokuwa na bega bovu. Alimwita mwanangu. Ikupa akisema ukweli, mama huyo atamwita nani?

Kabla ya kuufikia mji wa Iringa waliacha lami, wakashika njia ya vumbi hadi Kalenga. Shedrack walimkuta shambani karibu na mto, anafunga nyanya kwenye vijiti. Alikuwa amekonda. Vidole, vilivyozoea kuwa vyeusi kwa oili, sasa vilikuwa vya kijani kwa majani ya nyanya. Aliliona gari kwanza, kabla ya watu, akasimama kama aliyeona kaburi likitembea.

"Kamweneni," aliwasalimu kwa Kihehe. Kisha akainama kwa adabu. "Shikamoo, mama."

Mama Nyamizi hakuitikia. Shikamoo ikabaki hewani hapo, kati ya nyanya, kila mtu anaiona.

"Kaka," Gideon alisema, "mafundi wanne wa Mbeya wameshindwa na mshale wa joto."

"Kwa hiyo mmenikumbuka wa tano."

"Tulikukumbuka wa kwanza. Tumekuja mwisho."

Shedrack alitazama chini, karibu atabasamu. "Nyie Wasukuma, gari ikigoma mnataka kuikamua kama ng'ombe. Leteni funguo."

Alinawa mikono kwanza, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Alisikiliza maelezo yote. Aliwasha, akangoja, akautazama mshale ukipanda mpaka mahali pake. Kisha akafungua boneti, akachomoa waya mwembamba kwenye sensa. "Gideon, mshale?"

"Umelala kwenye baridi!"

Akaugusisha waya kwenye chuma cha injini. "Sasa?"

"Unapanda! Umefika nyekundu!"

"Basi geji nzima. Na sensa ni nzima, maana inapanda vizuri gari ikipata joto. Kilichobaki ni njia." Akaurudisha waya, akaufuata kwa vidole kama anayefuata mshipa mkononi mwa mgonjwa, ukaingia ndani ya kabini. Akapiga magoti mlangoni, akainamisha kichwa chini ya dashibodi. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hapa katikati pana kifuniko cha plastiki, kilivunjika siku ile ya ajali. Waya unapita nyuma yake. Umekatika karibu wote, unashikiliwa na nyuzi mbili za shaba. Mtu akipasukuma kwa mguu, nyuzi zinaachana, habari haifiki, mshale unaanguka. Akiondoa mguu, zinagusana tena." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Nani hukaa katikati?"

Gideon na mama yake wakamgeukia Ikupa.

"Panda, shemeji," alisema kwa upole. "Keti unavyoketi. Sasa fikiri mko Inyala."

Ikupa alipanda. Hakutaka kufikiri Inyala, lakini Inyala ilikuja yenyewe. Ile kona. Lile gauni lililokuwa likining'inia nyuma ya kiti. Nyayo zake zikakimbilia ukutani, zikabana. Na mbele ya macho yao wote wanne, injini ikinguruma tulivu, gari likiwa limesimama kwenye majani makavu ya mahindi, mshale ukalala.

Mama Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni, ameushikilia mfuko kwa mikono miwili. Aliutazama mshale, akaitazama miguu ya mkwewe.

"Kwa hiyo siye mwanangu," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu. "Ni mguu tu."

"Ni mguu, mama," Shedrack alisema. "Ila nami nina neno. Mwaka jana nilisimama niliseme, mkaimba. Naomba leo msiimbe."

Mama Nyamizi hakumgeuzia mgongo.

"Themostati sikutoa. Niliweka mpya, Nashoni mwenyewe alinishikia tochi, na ile mbovu iko kwenye gunia langu mpaka leo. Maji yaliyoisha siku ile sijui yalivujia wapi. Labda jiwe kwenye rejeta, labda mpira ulipasuka. Gari iliumia mno, halikubaki la kuangalia. Lakini siku hiyo ya tochi nilimwambia: ukiwa mlimani, mshale ukapanda kisha ukaanguka ghafla, usifurahi. Haujapoa. Maji yameisha, sensa imebaki kwenye hewa tupu, haina cha kupima. Zima hapo hapo, ngoja ipoe kabisa, ndipo ufungue mfuniko. Alinirudishia maneno hayo mara tatu, mama, anagonga kioo kwa ukucha. Alijua. Sasa mwaka mzima nafunga nyanya na najiuliza. Kama alijua, kwa nini hakusimama? Au sikumweleza vizuri? Mimi nikimjua mtu yule, asingekwenda. Asingekwenda!"

Upepo ulitoka mtoni ukapita kwenye vijiti. Gideon alikuwa ameinama, anachora udongo kwa kiatu. Mama Nyamizi alimwangalia fundi kwa muda, akitafuta uongo usoni mwake, hakuupata. Kisha akageuza shingo taratibu kuelekea ndani ya kabini.

"Mama Mercy," alisema. "Wewe ulikuwepo. Kwa nini hakusimama?"

Tk, tk, tk.

Safari hii Ikupa hakuuliza kama wamesikia. Ule ukucha haukuwa na hasira, na sasa alielewa kwamba haukuwahi kuwa nayo. Ulikuwa unauliza tu, kama ulivyouliza chemli, kabla ya kushika. Akautazama mshale uliolala ukimwelekea. Akaiondoa miguu ukutani, mmoja, kisha wa pili, akaiweka sakafuni. Mshale ukainuka polepole, ukafika nyumbani kwake, ukatulia. Akashuka, akapiga magoti kwenye majani makavu mbele ya mkwewe, akashika pindo la shuka lake.

"Alitaka kusimama, mama," alisema. "Aligonga kioo akasema, 'Hii siyo kupoa, maji yameisha, tusimame.' Alikuwa ameshawasha taa ya pembeni. Mimi nilikuwa na sendofu. Nikamwambia, 'Mshale umeshashuka, unatafuta nini tena? Wewe na mshale wako mtaniaibisha mbele ya ndugu zangu.' Akanitazama, anangoja nibadili neno. Sikubadili. Shedrack hakumuua mwanao. Mimi ndiye niliyesema twende."